Mnara wa stima unaosikia msumeno

Watu wengi wakiangalia ile minara mikubwa ya stima wanaona chuma kitupu kisichotishika na chochote, kumbe wezi huiba vyuma vyake wakauze chakavu, ndio maana kuna sensa, yaani kifaa cha kuhisi mwizi akianza kuukata au kuufungua. Haya, kumbuka tarehe 11 Januari 2022, minara ya laini ya umeme ya Kiambere–Embakasi ilianguka pale Imara Daima Nairobi na karibu Kenya nzima ikaingia giza, serikali ikasema ni uharibifu wa makusudi na kabla mwezi kuisha biashara ya vyuma chakavu ikapigwa marufuku kwa muda.

Mwizi huwa hagusi ile miguu minene, anafungua zile pau nyembamba za mshazari huku chini, na kwa sababu mnara bado umesimama anaona hajaharibu kitu. Kumbe pau ndizo zinazouzuia mguu usipinde. Ukizitoa mpaka kipande cha mguu kisichoshikwa kiwe kirefu mara mbili, mzigo ambao kinaweza kubeba kabla ya kupinda unaweza kushuka hadi robo. Robo jamani, si nusu! Halafu upepo uje, mnara wa kwanza unavuta wa pili kwa zile nyaya, wa pili unavuta wa tatu.

Sasa sensa inafanyaje? Ni kikasha kidogo kinachofungwa kwenye chuma chenyewe, kina betri, sola na laini ya simu, ndani kuna kipima mtikisiko. Upepo hutikisa mnara polepole, msumeno unakwaruza mbiombio bila kupumzika, spana inagonga kwa vipindi, kwa hiyo programu inafundishwa kutofautisha hizo. Shida ni ng'ombe manake akijikuna kwenye mguu wa mnara naye anapiga alamu, ndio maana inaongezwa sensa ya kutofautisha mtu na mnyama pale chini, zikikubaliana zote mbili ndio ujumbe unaenda kwa walinzi. Kuna na sensa ya mwinamo, inayoona mnara ukishaanza kuinama, lakini mimi hiyo peke yake naiona kama daktari anayefika matangani.

Alamu ikilia saa nane usiku na gari la doria liko mbali, jirani ndiye yuko karibu. Usimfuate mwizi na usisimame chini ya mnara wenye pau zilizotolewa, soma tu namba kwenye kibao chake ukiwa mbali, kisha piga simu polisi au kampuni ya umeme uwatajie hiyo namba.