Tahadhari hewa: dhoruba ya theluji inapotangazwa kisha isije

Tahadhari hewa ni onyo lililotolewa kuhusu jambo ambalo mwishowe halikutokea. Kwa watabiri wa hali ya hewa hiki ni kipimo cha kazi kama vipimo vingine. Msimu ukiisha wanazikusanya tahadhari zote walizotoa, wanahesabu ambazo hazikutimia, wanapata asilimia yao. Kwa mwananchi aliyefunga duka siku nzima, akajaza friji, kisha akaamka na kukuta lami kavu, mahesabu hayo hayamhusu. Kwake yeye amedanganywa, na msimu ujao atakumbuka.

Tuchukue Marekani, ambako ugomvi huu hurudi kila majira ya baridi. Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya huko hutangaza dhoruba kubwa ya theluji kwa ngazi. Kwanza hutoka angalizo, pale uhakika unapofika angalau asilimia 50. Dhoruba ikikaribia na uhakika ukafika asilimia 80, angalizo linageuka kuwa tahadhari kamili. Hiyo 80 ndiyo ya kutazamwa vizuri. Ofisi inayotoa tahadhari tano, kila moja ikiwa na uhakika wa asilimia 80, inatarajia moja kati yake isitimie. Zikitimia zote, mwaka hadi mwaka, kuna kitu hakiendi sawa: mtabiri anasubiri mno kabla ya kufungua mdomo, na zipo dhoruba zinazowakuta watu barabarani bila habari. Kwa maneno mengine, tahadhari hewa imo ndani ya kanuni tangu mwanzo. Anayeisikia redioni hajaambiwa hivyo. Yeye amesikia tu kwamba theluji inakuja.

Kwa nini basi wasisubiri mpaka wawe na hakika? Kwa sababu theluji hukuza kila kosa dogo. Mtabiri wa mvua akisema milimita 25 zikanyesha 20, hakuna atakayemdai chochote. Lakini maji hayohayo ya milimita 25 yakishuka kama theluji ya kawaida hujaza takriban sentimita 25. Theluji ikiwa kavu na nyepesi, yanaweza kufika sentimita 50. Ikiwa nzito na ya majimaji, hayapiti 12 au 13. Kiasi cha maji hakijabadilika hata tone, ila mji mmoja umefungwa na mwingine watu wameenda kazini.

Hapo bado hatujagusa joto. Tabaka la hewa lililo kilomita moja au moja na nusu juu ya vichwa vya watu likipanda nyuzi moja au mbili kupita sifuri, theluji inayeyuka ikiwa njiani. Kinachofika chini kinaweza kuwa mvua ya kawaida, chembe ngumu za barafu, au mvua inayoganda papo hapo ikigusa barabara na nyaya za umeme. Mpaka kati ya theluji na mvua unaweza kuupasua mji mmoja katikati, upande wa kaskazini wakihangaika na mabeleshi na upande wa kusini wakipita na miavuli. Wote hao walisikia utabiri uleule, na nusu yao wataapa kwamba ulikuwa wa uongo.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Januari 2015. Jiji la New York lilitabiriwa sentimita 50 hadi 75. Meya Bill de Blasio alionya kwamba huenda ikawa dhoruba kubwa kuliko zote katika historia ya jiji, na gavana Andrew Cuomo akafunga treni za chini ya ardhi, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwa sababu ya theluji tangu zianze zaidi ya miaka 100 kabla. Asubuhi ya tarehe 27 kipimo cha Central Park, bustani kubwa ya jiji hilo, kilikuwa sentimita 25. Kejeli zilianza kabla ya kifungua kinywa. Gary Szatkowski, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya utabiri ya Mount Holly huko New Jersey, aliandika hadharani kuwaomba radhi viongozi na wananchi waliotegemea utabiri wa ofisi yake.

Sasa tazama mashariki kidogo. Islip, iliyo mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka Central Park, ilipata sentimita 63. Boston ilipata zaidi ya 60. Worcester, Massachusetts, ilifunikwa kwa sentimita 87, rekodi ya mji huo. Dhoruba ilikuja, tena kubwa kama ilivyosemwa, ila ukingo wake wa magharibi ulisimama makumi machache ya kilomita mashariki ya ulipotarajiwa. Kwenye ramani ya bahari nzima ya Atlantiki, ambako dhoruba ile ilijijenga, umbali huo ni upana wa kidole. Bahati mbaya kidole kiliangukia juu ya watu milioni 8 na vyombo vyao vya habari.

Wapo wanaosema bora kutaja tahadhari chache, heshima ibaki. Ushauri huu una historia yake. Mwaka 1884 John Park Finley, mwanajeshi wa Marekani aliyekuwa akijaribu kutabiri tonado, yaani upepo mkali unaozunguka kama nguzo, alitangaza kwamba utabiri wake ulikuwa sahihi kwa asilimia 96.6 katika matangazo 2,803. Wakosoaji wakapiga hesabu upya. Mtu ambaye angesema kila siku, kila mahali, "leo hakuna tonado" angepata asilimia 98.2 bila kuangalia wingu hata moja. Kati ya maonyo 100 ya Finley, 72 yalikuwa hewa. Lakini 28 yaliyotimia ndiyo pekee yaliyokuwa na faida kwa mtu yeyote, na yule bingwa wa asilimia 98.2 asingeonya hata mara moja. Anayenyamaza hapati tahadhari hewa.

Anapata kosa la upande wa pili, ambalo halina mzaha. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Januari 2000, modeli za kompyuta, yaani programu zinazokokotoa hali ya hewa ijayo, zilikuwa zimeonyesha dhoruba ikielekea baharini, na watu wa pwani ya mashariki wakalala bila wasiwasi. Raleigh, North Carolina, iliamka chini ya sentimita 51. Makosa haya mawili yamefungwa pamoja: kwa ujuzi uleule, kila unapolipunguza moja unaliongeza jingine. Kuyapunguza yote kwa pamoja kunahitaji ujuzi zaidi, yaani vipimo zaidi, kompyuta kubwa zaidi na modeli bora, na hilo huenda kwa miaka, haliletwi na kelele za asubuhi moja.

Kinachouma zaidi, nadhani, ni kwamba hata utabiri ukiwa mzuri mtabiri anaweza kulaumiwa. Tarehe 28 Januari 2014 Atlanta ilipata sentimita 6 au 7 tu za theluji. Tahadhari ilikuwa imetoka kabla ya alfajiri. Shule zikafunguliwa, ofisi zikafunguliwa, theluji ilipoanza mchana kila mtu akaingia barabarani saa ileile, magari yakakwama, theluji ikageuka barafu chini ya matairi. Wanafunzi walilala madarasani na madereva wakalala ndani ya magari yao. Gavana wa Georgia, jimbo la Atlanta, alisema hali ile haikutarajiwa. Fikiria uko kwenye ofisi iliyotuma tahadhari saa tisa na nusu za usiku, kisha unasikia maneno hayo. Wiki mbili baadaye dhoruba nyingine ilipotangazwa, barabara za Atlanta zilikuwa tupu.

Huko Buffalo, mji wa jimbo la New York, Desemba 2022, dhoruba ilitajwa siku kadhaa kabla, kwa maneno mazito ambayo Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa huyatumia mara chache. Zaidi ya watu 40 walikufa katika kaunti ya mji huo. Utabiri haukukosea. Kilichokosekana ni kile kinachotakiwa kufuata baada ya utabiri, na hapo mtabiri hana mamlaka: hafungi barabara, hafungi shule, hamlipi mshahara kibarua ambaye asipofika kazini hali.

Kuna na hili la kupima. Unaweza kudhani kwamba theluji ikishaanguka ubishi umekwisha. Kipimo chenyewe ni kibao cheupe cha mbao kinachowekwa mahali pa wazi. Mpimaji anachomeka rula, anasoma, anafagia kibao, anasubiri theluji nyingine. Akifagia mara nyingi mno, jumla inakuwa kubwa kwa sababu theluji haijapata muda wa kushindiliwa na uzito wake. Asipofagia, inakuwa ndogo. Katika dhoruba ya Januari 2016 wapimaji wa uwanja wa ndege wa Reagan, jirani na Washington, walikipoteza kibao chao chini ya theluji, na kipimo chao kikabishaniwa vikali. Cha Central Park, kwa dhoruba hiyohiyo, kilirekebishwa miezi mitatu baadaye kutoka sentimita 68 hadi 70, na marekebisho hayo ndiyo yaliyoifanya kuwa rekodi ya New York. Mtabiri anahukumiwa kwa rula, na rula yenyewe ina mjadala.

Halafu siku hizi hayuko peke yake. Modeli za kompyuta zinatoa ramani mara kadhaa kwa siku, na yeyote mwenye simu anaweza kuichukua ile ya kutisha zaidi, ya siku 10 mbele, akaisambaza. Siku 10 mbele modeli haijui dhoruba itapita wapi, na mara nyingine haijui kama itakuwepo. Ndiyo maana vituo vikubwa vya utabiri, kikiwemo kile cha Ulaya kilicho Reading, Uingereza, huendesha modeli mara nyingi kwa pamoja, kila mara wakibadilisha kidogo hali ya kuanzia, ili waone majibu yanatawanyika kiasi gani. Katika mtawanyiko huo picha moja ya sentimita 80 haina uzito kuliko picha nyingine yoyote. Ila ndiyo inayosambazwa. Dhoruba isipokuja, watu wanasema "watabiri walisema", wakati mtabiri mwenyewe alikuwa hajasema neno.

Lakini watabiri nao wana lao la kujibu, na sioni sababu ya kulifunika. Machi 2017, kabla theluji haijaanza New York, waliona dalili kwamba hewa ya joto inaweza kuingia juu ya miji ya pwani na kiasi kitakuwa kidogo. Walijadiliana, wakaamua kuacha tarakimu kubwa zibaki kwa kuhofia kwamba kuzishusha dakika za mwisho kungewachanganya watu na kuwafanya wapuuze. Central Park ilipata sentimita 19. Ndani ya jimbo, Binghamton ilizidi 80, lakini nani anakumbuka Binghamton? Nia yao ilikuwa njema. Bado ulikuwa uamuzi mbaya, kwa sababu mtu akigundua kwamba ulijua na hukusema, hapo hana tena tahadhari hewa mkononi. Ana sababu halisi ya kutokuamini.

Zaidi ya hayo, kuna ushahidi kwamba wananchi wanaumudu utabiri usio na uhakika kamili kuliko wanavyodhaniwa. Susan Joslyn na mwenzake Jared LeClerc wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha mwaka 2015 jaribio ambalo washiriki waliamua, kwa kutumia utabiri wa joto, kama wamwage maji ya chumvi barabarani kuzuia barafu. Kupunguza kidogo tahadhari hewa hakukubadilisha sana utii wao kwa ushauri. Kilichosaidia ni kuwaonyesha uwezekano kwa asilimia: waliufuata ushauri zaidi na maamuzi yao yakawa bora.

Idara ya Marekani imeanza kuelekea huko. Pamoja na kiasi kinachotarajiwa, ofisi zake huonyesha kiwango cha chini na cha juu. Cha chini ni kile ambacho kuna nafasi 9 katika 10 za kukipita, na cha juu kina nafasi 1 tu katika 10. Anayejiuliza kama atembee au apande basi kesho anatosheka na tarakimu ya katikati. Hospitali inayopanga wauguzi wa usiku haina budi kuiangalia ile ya juu, hata kama mara 9 katika 10 haitafika, kwa sababu usiku mmoja bila wauguzi unagharimu kuliko zamu kadhaa za bure.