2F, 3F, 2T-G: jina la injini ya Toyota ya zamani lina maana gani?

Chukua kitambaa chenye petroli, usugue ubavu wa bloku, yaani kiwiliwili cha injini, ya Land Cruiser ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Grisi ikishatoka utaona alama iliyogongwa kwenye chuma: 2F, kisha tarakimu kadhaa. Tarakimu hizo ni za injini ile peke yake, ndizo zinazoingia kwenye kadi ya gari. 2F ni jina la aina, na kila kipande chake kina kazi.

F ni ukoo. Namba ya mbele ni zamu ya kuzaliwa ndani ya ukoo huo: ya kwanza iliitwa F tu, bila namba, ikafuata 2F, kisha 3F. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa kuona namba imepanda wakadhani na injini imekua. F ilikuwa na cc 3,878. 2F ikafika 4,230, kwa kuwa kipenyo cha silinda kilipanuliwa kutoka milimita 90 hadi 94. Ilipokuja 3F, kipenyo kilibaki 94 lakini mwendo wa pistoni ukafupishwa kutoka milimita 101.6 hadi 95, cc zikashuka hadi 3,955. Mdogo wa mwisho ana cc chache kuliko kaka yake.

Herufi zinazokuja baada ya kistari zinaeleza injini imefungwa nini. Mfano ninaoupenda ni ukoo wa T, uliobeba Corolla, Carina na Celica nyingi za miaka ya 1970. 2T ya kawaida ina kabureta moja, 2T-B ina mbili. 2T-G ina hedi (kichwa cha injini) nyingine kabisa, yenye kamshafti mbili juu, yaani shafti zinazofungua valvu, kazi ambayo Yamaha walishiriki. Zote tatu zina cc 1,588. Lakini nenda dukani uombe gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya hedi) ya "2T" wakati yako ni 2T-G, utarudi nyumbani na kitu kisichokaa.

Tena herufi moja yaweza kuwa na maana mbili kwa mahali ilipokaa. Tazama 3T-GTE: T ya kwanza ni ukoo, T ya baada ya kistari ni tabo (turbo). G ni zile kamshafti mbili, E ni mafuta kuingia kwa injekta badala ya kabureta.

Ukoo huonekana hata kwenye jina la bodi. FJ40 ilitoka kiwandani na injini ya F ya petroli, BJ40 na B ya dizeli, KE70 ni Corolla yenye K. Ndiyo maana gari lililobadilishwa injini husumbua, na huku kwetu yako mengi: FJ45 iliyopachikwa 1HZ ya dizeli bado kibao chake cha bodi, chenye jina la gari, kinasema F, na anayeagiza spea kwa kusoma kibao tu anaagiza za injini isiyokuwepo.

Kwa hiyo kwenye daftari langu kila gari lina mistari miwili, wa bodi kama kibao kinavyosema na wa injini kama bloku inavyosema, pamoja na kila herufi ya baada ya kistari. Alama yenyewe naipiga picha kabla bloku haijapakwa rangi, maana rangi ikiwa nzito 2 na 3 hufanana.