Mbegu ya ng'ombe ikiwa imeganda haimaanishi iko hai

Wiki hii tena mfugaji mmoja wa huku Sikonge kaniuliza, eti mirija ya mbegu (shahawa za dume za kupandishia) ikibaki si tuiweke tu kwenye friza la dukani mpaka ng'ombe mwingine aingie joto. Jamani nimelichoka hili swali. Friza la dukani likijitahidi sana ni nyuzi -18 au -20, naitrojeni ya maji tunayohifadhia mbegu kwenye mtungi ni -196, na mbegu ukiiweka kwenye -20 inakufa hata kama mrija ukiushika ni mgumu kama kawaida.

Na hapo ndo penye shida, watu wanaamini ikiganda imeganda, kama samaki. Kuanzia kama nyuzi -130 kwenda juu, vile vipande vidogo vya barafu ndani ya mrija vinaanza kuungana na kukua, vinaumiza mbegu, na yote hayo yanatokea huoni hata tone la maji. Ukiurudisha kwenye naitrojeni unapoa tena ila zilizokufa hazifufuki. Ndo maana nagombana mpaka na wahimilishaji wenzangu, sisi tunaopandisha ng'ombe kwa mrija: mtu anavuta kopo lenye mirija mpaka nje ya mdomo wa mtungi, anasoma majina ya madume taratibu, anamwonyesha mteja huyu Friziani yule Borani, Oktoba hiyo ya Tabora jua linawaka na upepo juu, alafu baada ya siku 21 ng'ombe karudi joto lawama anabeba dume. Kopo libaki ndani ya shingo ya mtungi, mrija uchomoe kwa kibanio, sekunde 8 zikipita hujaupata shusha chini lipoe kwanza ndo ujaribu tena. Na uwe na daftari, dume gani liko kopo gani, mhimilishaji asiye na daftari mimi simwelewi kabisa.

Eti mbegu ya zamani imeisha nguvu? Australia walipandisha kondoo kwa mbegu iliyogandishwa 1968, ikiwa imekaa miaka 50, na wakashika mimba vizuri tu. Mradi naitrojeni isikauke.

Eti ule moshi mweupe ni sumu? Ni unyevu wa hewa tu ule. Hatari ni gesi yenyewe ambayo huioni, lita moja ya naitrojeni inakuwa karibu lita 700 za gesi na inafukuza oksijeni, kwa iyo usisafiri na mtungi ndani ya gari umefunga vioo kisa vumbi. Na nyie mnaobana mfuniko kwa mpira ili "isipotee", mtungi utapasuka, ule mfuniko umelegea makusudi.

Wengine wakiona moshi wanaridhika naitrojeni ipo. Pima bwana! Chovya rula ya mbao mpaka chini, subiri kidogo, itoe uipungie hewani, barafu nyeupe inapoishia ndo kina chako. Usitumie bomba lenye tundu, itakurukia usoni. Ukikuta zimebaki sentimita 5 umeshachelewa kuagiza, maana mpaka ifike huku kwetu ni safari.