Hakuna Aliyekukatia Mawimbi

Kifurushi cha televisheni kikiisha tu, simu zinaanza: "Fundi, wamenikatia mawimbi, njoo unielekezee dishi." Hapa Arua nimeshaeleza, Koboko nimeeleza, na juzi nikamkuta mzee mmoja ameshampandisha kijana juu ya bati, amegeuza dishi lililokuwa sawa kabisa. Sasa naandika.

Mawimbi hayakatwi. Satelaiti iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na inachorusha huangukia uwanja wa aliyelipa na wa asiyelipa sawasawa, kama jua. Fungua menyu ya dekoda utazame ile mistari miwili, nguvu na ubora. Ikiwa imejaa na kioo bado kinadai malipo, dishi halina kosa. Usiliguse. Ubora ukishuka wakati wa mvua kubwa, subiri mvua ikatike.

Unachokosa ni ufunguo, yaani namba ya siri ya kufungulia picha. Picha ikishabanwa ili ichukue nafasi ndogo, hukatwa vipande vya baiti 188. Baiti 4 za mwanzo huachwa wazi, zilizobaki ndizo huvurugwa. Ndani ya hizo 4 kuna biti mbili zinazoiambia dekoda kama kipande kimefungwa, na kama ndiyo, kimefungwa kwa ufunguo upi: wa shufwa au wa witiri. Funguo ni mbili ili mmoja ukiwa kazini, mwingine uwe umeshafika. Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya sekunde kumi hivi, na wewe umekaa unatazama mpira, huoni picha ikitikisika hata kidogo. Mimi huo nauona ni ufundi mzuri mno.

Funguo husafiri ndani ya mawimbi hayohayo, zimefichwa kwenye ujumbe mdogo uitwao ECM. Kadi iliyo ndani ya dekoda huzifichua ikiwa tu ina ruhusa, na ruhusa huja kwa EMM, ujumbe uliolengwa kwa namba ya kadi yako. Hapa ndipo tunapochoshana. Unalipa kwa simu saa kumi jioni dekoda ikiwa imezimwa, unaiwasha usiku, halafu unalalamika kwamba pesa zimeliwa. EMM hurushwa, hurudiwa kwa muda, kisha nafasi yake wanapewa wengine, kwa sababu kadi ni nyingi na njia ni nyembamba. Dekoda iliyozimwa kabisa haipokei kitu. Basi iwashe kwanza, hakikisha ubora upo, ndipo ulipe, na uiache ikiwaka. Ujumbe ukikupita, omba urushwe upya. Kupanda juu ya bati hakumo katika kazi hii.

Na wanaonitafuta niwauzie "namba ya kufungua chaneli zote milele": namba gani hiyo, na ufunguo wenyewe haudumu hata dakika moja?

Lakini nisiusifu ulinzi huu kupita kiasi. CSA, ile hesabu ya kuvuruga iliyokubaliwa Ulaya mwaka 1994, ina ufunguo wa biti 64, yaani baiti nane. Ila baiti mbili kati ya hizo ni za kuhakiki tu, hivyo siri halisi ni biti 48, na kwa kompyuta za leo hiyo ni kidogo. Hata hivyo mwizi wa kawaida hana haja ya kuivunja. Ananunua kadi moja halali, anauchukua ufunguo ukishatoka kwenye kadi, anausambaza kwa intaneti, maana kwa sekunde zile ufunguo wa chaneli ni uleule kwa kila mtazamaji. Intaneti ikisuasua, wateja wake picha inawagandia.

Dawa iliyopo ni kuioanisha kadi na dekoda moja, ufunguo upite kati yao ukiwa umefichwa. Inasaidia sana. Inamaliza? Sidhani. Maadamu ufunguo ni mmoja kwa wote, dekoda moja ikivuja popote, ni kana kwamba zimevuja zote.