Kwa Nini Jazi Hunoga Zaidi Kwenye Ukumbi Mdogo?

Village Vanguard, mjini New York, ni chumba kilicho chini ya ardhi. Kimekuwa mahali hapo tangu mwaka 1935, na wasikilizaji wanaoenea humo ni kama 120 tu. Wanamuziki Sonny Rollins, Bill Evans na John Coltrane walirekodia humo muziki ambao mpaka leo wapenzi wa jazi hawauchoki. Majina makubwa kiasi hicho, chumba kidogo namna hiyo: kwa nini?

Watu wengi hujibu kwamba jazi haina mashabiki wa kujaza kumbi kubwa. Sikubaliani nao. Jibu la kwanza limo katika mwendo wa sauti yenyewe. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kasi inayotosha kwa shughuli nyingi, lakini si kwa watu wanaotaka kupiga mdundo mmoja kwa wakati mmoja. Mpiga besi akisimama mita 3 kutoka kwa mpiga dramu, pigo la mwenzake humfikia baada ya milisekunde 9 hivi, naye hahisi pengo lolote. Watenganishe kwa mita 12 na pengo linafika milisekunde 35. Hapo kila mmoja huanza kumsubiri mwenzake bila kujijua, na mwendo wa wimbo unazorota. Okestra kubwa hulikwepa tatizo hili kwa kumtazama kiongozi mwenye kijiti. Bendi ya jazi ya watu watatu au wanne haina kiongozi wa namna hiyo. Ina masikio tu. Kwenye majukwaa makubwa huwekewa spika za kuwarudishia sauti, ila basi wanachosikia kinategemea fundi mitambo ameamua nani asikike zaidi.

Halafu kuna mwangwi. Ukumbi uliojengwa kwa ajili ya okestra huweza kuiacha sauti ielee kwa sekunde 2 kabla haijafifia, na violini hupendeza sana humo. Sasa mlete mpiga dramu anayegonga toazi kwa mwendo wa mapigo 240 kwa dakika, mwendo wa kawaida tu katika jazi ya kasi. Ndani ya sekunde 2 hizo atakuwa ameshapiga mara 8, na mapigo yote 8 yanarundikana hewani. Chumba kidogo chenye dari fupi, kilichojaa watu na nguo zao zinazonyonya sauti, huliacha kila pigo lisimame peke yake.

Lakini kwangu mimi sababu kubwa kuliko zote ni namna muziki huu unavyotungwa mbele ya macho yako. Mara nyingi kinachokuwa tayari ni kidogo mno: melodia na mpangilio wa kodi (yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), pengine wenye vipande 32 vya mapigo manne manne. Melodia hupigwa kwanza, kisha kila mmoja hupewa nafasi ya kubuni papo hapo juu ya kodi zilezile, na mwishoni melodia hurudi. Katikati hapo hakuna ajuaye kitakachotokea. Mpiga saksafoni akigusa utosi wake, wenzake wanajua anataka kurudi kwenye melodia. Akionyesha vidole vinne, yeye na mpiga dramu wataanza kupokezana, vipande vinne kwa vinne. Mpiga piano huinua kichwa akasikiliza, akakamata kijisauti kilichotoka kwenye saksafoni sasa hivi, akakirudisha kikiwa kimegeuzwa. Ukiwa umekaa karibu, unaliona wazo likizaliwa na kupokelewa. Ukiwa mbali unasikia matokeo yake tu.

Nao wasikilizaji wamo. Guno la kuridhika kutoka meza ya mbele humfikia mpigaji palepale, na mara nyingi ndilo linalomfanya aendelee badala ya kumwachia mwenzake.

Historia nayo ilichangia. Mwaka 1944 serikali ya Marekani iliweka ushuru wa asilimia 30, ikaushusha hadi 20 mwaka huohuo, kwa kumbi za burudani zenye dansi au uimbaji. Muziki wa ala peke yake haukutozwa. Wenye kumbi wengi wakaona afadhali wateja wakae wasikilize. Wakati huo jazi ya kusikilizwa kwa makini ilikuwa imeshaanza kuchipua Harlem, mtaa wa New York, katika klabu ya Minton's Playhouse, ambako mpiga piano Thelonious Monk na mpiga dramu Kenny Clarke walikuwa wakipiga na kila mgeni aliyethubutu kupanda jukwaani.

Si jazi yote inayotaka chumba kidogo. Bendi ya Duke Ellington ilitikisa umati wa maelfu uwanjani Newport, Marekani, mwaka 1956, pale Paul Gonsalves alipozunguka wimbo mara 27 kwa saksafoni yake bila kupumzika. Bendi kubwa ina nguvu ya kujaza uwanja.

Bendi ya watu watatu ni jambo jingine. Sikiliza alichorekodi mpiga piano Bill Evans na wenzake wawili pale Vanguard tarehe 25 Juni 1961. Glasi zinagongana, watu wananong'ona, na besi ya Scott LaFaro haimfuati Evans kwa nyuma bali inamjibu, inamkatiza, inampa njia. LaFaro alikufa katika ajali ya gari siku 11 baadaye, akiwa na umri wa miaka 25. Ukienda kusikiliza bendi ya aina hii, tafuta kiti kilicho karibu na besi. Ndiyo ala ambayo spika huiharibu upesi zaidi, na ukiwa karibu nayo utasikia hata vidole vikisugua nyuzi.