Foleni ya kazi kwenye klasta: maana yake na amri za kuiendesha

Klasta ni kompyuta nyingi zilizounganishwa zikatumika kama mtambo mmoja, na kila kompyuta ndani yake huitwa nodi. Foleni ya kazi ni orodha ya maombi ya watu wanaotaka nafasi kwenye nodi hizo. Neno kazi hapa lina maana finyu: programu yako pamoja na ombi lake, yaani viini vingapi vya prosesa, RAM kiasi gani, kwa muda gani. Programu inayopanga nani aingie lini ni kama Slurm, iliyoanzia Lawrence Livermore National Laboratory, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Amri zote zilizo hapa ni zake.

Mtu aliyeko Bagamoyo mwenye sampuli 100 za jeni za vimelea vya malaria hahitaji klasta iwe Bagamoyo. Anaingia kwa `ssh`, amri ya kuingia kompyuta ya mbali kupitia mtandao, anafikia nodi ya kuingilia, yaani mlango wa klasta, anatuma kazi, basi. Uchambuzi mzito hauendeshwi hapo, maana nodi hiyo ni ya wote na ukiielemea hata kuandika amri kunakuwa shida kwa wenzako. Ombi huandikwa ndani ya skripti, yaani faili la amri, tuseme `kazi.sh`:

```
#!/bin/bash
#SBATCH --cpus-per-task=4
#SBATCH --mem=8G
#SBATCH --time=03:00:00
#SBATCH --output=ripoti-%j.txt

bash chambua.sh
```

Ukiandika `sbatch kazi.sh` unapewa namba, tuseme 48213. Itunze, amri nyingi zitaidai.

Skripti hii fupi ndiyo inayowaponza wengi. Mistari ya `#SBATCH` lazima itangulie amri ya kwanza; ikija baada yake huachwa bila onyo lolote. `--time=3:00` si saa tatu, ni dakika tatu. `--time=48` ni dakika 48, na siku mbili huandikwa `2-00:00:00`. Ukisahau herufi G, `--mem=8` ni megabaiti 8, na kazi itakufa mara tu inapoanza. Ukielekeza ripoti kwenye folda ambayo haipo, kazi huanguka bila kuacha hata mstari mmoja wa maelezo.

Kuangalia foleni ni `squeue --me`. Safu ya ST inaonyesha hali: PD inasubiri, R inaendelea, CG inamalizia. Wengi huishia hapo, wakati jibu liko safu ya mwisho, kwenye mabano. `Resources` maana yake zamu yako imekaribia ila nafasi haijapatikana. `Priority` maana yake wapo walio mbele yako. `PartitionTimeLimit` ni kwamba umeomba muda mrefu kuliko kikomo cha kundi la nodi ulikotuma kazi, na kwa kawaida utasubiri bure mpaka urekebishe. `DependencyNeverSatisfied` ni kwamba kazi uliyoitegemea ilishindwa. Hii ifute tu. Ukiona `ReqNodeNotAvail`, mara nyingi matengenezo yamepangwa na muda ulioomba unaingiliana nayo. Punguza muda, huenda ikapita kabla.

Aliyetangulia kutuma si lazima atangulie kuingia. Klasta nyingi huhesabu pia umetumia kiasi gani siku za karibuni: aliyetumia sana hushuka, aliyetumia kidogo hupanda. Kisha kuna ujazaji wa mapengo. Mpakizi wa jahazi huweka kwanza makasha makubwa, halafu vifurushi vidogo akavisukumia kwenye nafasi zilizobaki. Slurm nayo, ikiwa kazi kubwa imepangiwa saa 8 mchana na sasa ni saa 5 asubuhi, huweza kuingiza kwenye nodi hizo kazi ya saa mbili iliyo nyuma kabisa. Lakini inaamini muda ulioandika wewe. Anayeomba siku saba kwa kazi ya saa mbili hujinyima pengo hilo mwenyewe.

Kazi ikiwa bado foleni, `scontrol hold 48213` huizuia na `scontrol release 48213` huiachia. `scancel 48213` huifuta, nayo `scancel -u $USER -t PENDING` hufuta zako zote zinazosubiri na kuacha zinazoendelea. Muda unaweza kuupunguza mwenyewe kwa `scontrol update JobId=48213 TimeLimit=01:30:00`; kuuongeza, muombe msimamizi. Zile sampuli 100 hazihitaji skripti 100: `--array=1-100%10` hutengeneza kazi 100 na kuruhusu 10 tu kwa wakati mmoja.

Umeme ukikatika Bagamoyo, kazi iliyotumwa kwa `sbatch` haijui wala haijali. Inaendelea huko iliko. Inayokatika ni ile uliyoifungua ana kwa ana kwa `srun --pty bash`, kwa hiyo anzisha kwanza kwenye nodi ya kuingilia `tmux`, programu inayoacha kikao chako kikiendelea hata mtandao ukikatika. Angalia pia saa. Seva nyingi hutumia UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu: kazi uliyoipangia muda wa kuanza kwa `--begin=22:00` kwenye seva hiyo itaanza saa 7 usiku kwetu, si saa 4.

Kazi ikiisha, `squeue` haiionyeshi tena. Tumia:

```
sacct -j 48213 --format=JobID,State,Elapsed,ReqMem,MaxRSS
```

`TIMEOUT` ni muda umekwisha: Slurm hutuma ishara ya kusimama, kisha, kwa mpangilio wa kawaida, baada ya sekunde 30 huua kwa nguvu, na ambacho hakijahifadhiwa kimepotea. `OUT_OF_MEMORY` ni RAM uliyoomba haikutosha. Soma MaxRSS, yaani RAM ya juu kabisa iliyotumika, kwenye mstari unaoishia na `.batch`; ikiwa ni gigabaiti 6 nawe uliomba 64, safari ijayo omba 8.