Anza na pua, tumbo utalifikia

Kina mama wanaokuja kliniki hapa Mtwara na watoto wa wiki mbili tatu huniletea malalamiko mawili kwa mpigo: mtoto anakoroma puani, na tumbo linamsumbua. Ikifika jioni analia, anajikunja, anajamba, analishika titi na kuliachia. Hadi tunaonana, mara nyingi nyumbani ameshanyweshwa dawa ya chango na kupakwa dawa ya kuchua kifuani. Mimi ni muuguzi mkunga, na kitu cha kwanza ninachokitazama ni pua.

Mtoto mchanga hupumua kwa pua zaidi kuliko mdomo, na njia zake za pua ni nyembamba kiasi kwamba kamasi kidogo tu linatosha kumtaabisha. Akinyonya, mdomo umejaa titi. Pua nayo ikiziba, hana budi kuachia, avute pumzi kwa pupa, kisha ashike tena. Kila akifanya hivyo anameza hewa, na hewa hiyo ndiyo inayomnyonganyonga baadaye. Ukimpa dawa ya tumbo na pua ukaiacha vilevile, akinyonya tena mambo yanarudi palepale.

Kukoroma huko si lazima yawe mafua. Mtoto aliyezaliwa juzi hukoroma na kupiga chafya kwa sababu pua yake inajisafisha, na kama ananyonya vizuri na kulala, muache. Lakini huku kwetu kuna vitu vinavyoizidishia pua hiyo kazi: moshi wa kuni, ubani na udi unaofukizwa chumbani kwa mzazi hadi arobaini iishe, maganda ya korosho yanayochomwa jirani. Kwa watu wa Tandahimba na Newala kuna salfa. Msimu wa kupuliza mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, vumbi lile la njano huja nyumbani na nguo za shambani. Baba aoge na abadili shati kabla ya kumpakata mtoto. Hili nalisema kila mwaka na sitachoka.

Kusafisha pua ni kazi ya dakika chache. Nunua matone ya maji chumvi ya pua duka la dawa. Ukiyakosa, chemsha maji, pima robo lita, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kiwe sawasawa bila kulundikana, koroga, acha yapoe kabisa. Tengeneza mapya kila siku. Mlaze mtoto chali, mtu amshike kichwa, dondosha tone moja au mawili kila tundu kwa kidondoshi safi. Atapiga kelele, usiogope. Subiri kama dakika moja, kamasi lililokauka lilainike, kisha futa kinachotoka kwa ncha ya kitambaa laini. Ukiwa na kipira cha kuvutia kamasi, kibonyeze kwanza kikiwa nje, ndipo ukiweke mlangoni mwa tundu na kukiachia taratibu. Usikisukume ndani, wala usivute kutwa nzima, maana pua itavimba na kuziba zaidi. Wakati mzuri ni muda mfupi kabla ya kunyonya.

Bibi mmoja aliyemsindikiza mkwewe aliniuliza, “Sasa nesi, na hii ya kuchua nimpake wapi?” Nikamjibu, “Bibi, hii tumwachie babu na mgongo wake.” Alicheka, lakini kichupa akakirudisha kwenye pindo la kanga. Dawa zenye kafuri na mentholi si za mtoto mchanga, iwe puani au kifuani. Zinaweza kumbana pumzi. Matone ya kufungua pua ya watu wazima pia ni hatari kwake. Na kimeo kisikatwe.

Pua ikishafunguka, tazama anavyoshika titi. Mdomo uwe wazi sana, kidevu kiguse titi, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iingie mdomoni. Ukisikia mlio wa ta-ta-ta, hewa inaingia. Mwachishe kwa kidole kwenye pembe ya mdomo, uanze upya. Amalize titi moja kabla ya kuhamia la pili. Kisha acheue: mweke begani, tumbo lake likubane kidogo, mkono wako umpapase taratibu mgongoni. Au mkalishe pajani, kidevu chake kikae kwenye uwazi wa kiganja chako, shingo isibanwe, aegemee mbele. Kupiga mgongo kama ngoma hakuongezi kitu. Baada ya dakika tano kumi bila mbweu, basi, hana. Mlaze, na alale chali.

Wengine hujikamua hadi uso unaiva, halafu choo kinatoka laini kabisa. Huyo hana ugonjwa, anajifunza kusukuma.

Halafu kuna kilio ambacho si cha pua wala hewa, na hapa ndipo familia nyingi hupoteza hela. Mwaka 1962 daktari wa Marekani, T. Berry Brazelton, aliwaandikisha kina mama saa za kilio za watoto 80 wenye afya. Kilio kilipanda hadi kufikia kama saa mbili na robo tatu kwa siku mtoto akiwa na wiki sita, kisha kikashuka. Kwa hiyo dawa yoyote ukiianza wiki ya sita, wiki ya kumi itaonekana imefanya kazi. Gripe Water ilianza Uingereza mwaka 1851 na ilikuwa na pombe ndani yake. Sishangai watoto walitulia. Za siku hizi nyingi hazina pombe, lakini sijaona sababu ya kumpa mtoto chochote zaidi ya maziwa ya mama kabla ya miezi sita, isipokuwa dawa aliyoandikiwa.

Ninachokiamini ni kanga. Mwaka 1986 Hunziker na Barr, kule Montreal, Kanada, waliona kwamba watoto wa kawaida waliobebwa kwa muda mrefu zaidi kila siku, hata wakati hawalii, walipungukiwa na kilio kwa asilimia 43 walipofika wiki sita. Mfunge kifuani akiwa wima, uso uonekane, pua isizibwe na nguo. Ukizidiwa, mpe shangazi au mama mkwe. Usipokuwa na mtu, mlaze chali mahali salama, toka nje uvute hewa. Mtoto hatikiswi hata kidogo.

Sasa yasiyongoja. Hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 60, hesabu tena. Zikibaki hapo au juu, au mbavu zinabonyea ndani, anaguna kila pumzi, amekataa kunyonya, amelegea, ana degedege, joto la kwapani limefika 37.5 au limeshuka chini ya 35.5, au anatapika kijani, mpeleke kituo kilicho karibu saa hiyohiyo, usiku au mchana, wakampe rufaa ya hospitali ya Ligula, Ndanda au Sokoine ikibidi. Usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.